"Usiogope, Haumi": Kauli Isiyotosha Barabarani

Kila siku ya kazi, kabla jua halijapanda, Barabara ya Gitanga jijini Nairobi hujaa watu wanaotembea kwa miguu kutoka Kawangware kwenda Lavington. Kuna wapishi na yaya, mabawabu wanaokwenda kupokea zamu, mafundi wa ujenzi na watoto wa shule. Wengi hutembea kwa sababu nauli ya matatu ya kwenda na kurudi, siku sita kwa wiki, ingemeza sehemu kubwa ya mshahara. Hali ni hiyo hiyo kwa wanaotoka Githogoro kwenda kufanya kazi Runda. Na saa hiyo hiyo ya alfajiri ndiyo wakazi wengi wa mitaa hiyo huwatoa mbwa wao kwenda kunyoosha miguu.

Makundi haya mawili hukutana mara nyingi kwenye kijia chembamba cha udongo kando ya lami. Mbwa mkubwa, hana kamba, amemtangulia mwenyewe kwa hatua thelathini hivi, ananusa kila nguzo. Mama aliyebeba kikapu anasimama ghafla. Kushoto kwake ni ukuta, kulia ni lami. Anashuka barabarani. Bodaboda inampigia honi na kumkwepa kidogo tu. Mwenye mbwa, angali mbali, anapaza sauti kwa upole: "Usiogope dada, haumi huyo!" Mama anajibu bila kumwondolea mbwa macho: "Mshike tu, mama."

Hakuna aliyeng'atwa, na mwenye mbwa ataendelea na matembezi akiamini asubuhi imepita salama. Lakini mama yule amelazimika kuingia kwenye njia ya magari kwa sababu ya mnyama wa mtu mwingine, na kilichomwokoa ni wepesi wa mwendesha bodaboda. Ndiyo maana nasema kwamba suala la kamba halimalizwi na tabia ya mbwa. Hata mbwa mpole kuliko wote anapaswa kushikwa mahali ambapo watu wengine wana haki ya kupita, kwa kuwa wao hawamjui, na hawana wajibu wa kuamini neno la mtu wasiyemfahamu.

Mimi nafuga mbwa na nawapenda, na upendo huo ndio unaonisukuma kuandika haya. Kila mbwa anayemrukia mpita njia huwaongezea mbwa wengine wote maadui, na wanaokuja kulipa gharama yake kwa mawe na sumu ni wanyama wasiokuwa na hatia.

Geti lile lile

Pita katika mitaa ya Nairobi utazame mageti. Kibao cha bati chenye kichwa cha mbwa na maneno "Mbwa Kali" ni cha kawaida kuliko namba ya nyumba. Kibao hicho kimewekwa ili kitishe. Mwenye nyumba amemlipa fundi akiandike kwa rangi nyekundu, akitaka mwizi, mchuuzi na kila mpita njia aamini kwamba ndani kuna mnyama wa hatari. Kisha alfajiri geti lile lile linafunguliwa, mnyama yule yule anatoka bila kamba, na mpita njia yule yule anaambiwa asiogope.

Hatuwezi kuyataka yote mawili. Tukishautangazia mtaa mzima kwamba mbwa wetu ni wakali, tumejitwika jukumu la kuwashika wanapotoka nje.

Tena kibao hicho mara nyingi kinasema kweli. Mbwa wengi wa mjini walinunuliwa kwa ajili ya ulinzi. Hushinda wamefungiwa kibandani na kufunguliwa usiku wazunguke uani. Wataalamu wa tabia za mbwa wanaeleza kwamba kati ya wiki ya tatu na takriban wiki ya kumi na nne ya maisha yake, mbwa hujifunza ni mambo gani ya kawaida duniani: mtu mwenye mwavuli, mtoto anayepiga kelele, mkokoteni, baiskeli, sauti ya pikipiki. Mbwa aliyekulia ndani ya kuta nne bila kuyaona hayo atakapokutana nayo barabarani atashtuka, na mbwa aliyeshtuka hukimbia, hubweka au huuma. Mwenyewe humjua akiwa nyumbani, ametulia, akimtikisia mkia mtu anayemlisha. Jinsi mnyama huyo atakavyokuwa mbele ya mkokoteni wa maji, hilo hajaliona bado.

Hofu yenye sababu

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Watu wa Afrika Mashariki wanaoogopa mbwa hawakuzaliwa na hofu hiyo. Wamekulia mahali ambapo kuumwa na mbwa kunaweza kuwa hukumu ya kifo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote wakiwa Afrika na Asia. Asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, hakuna tiba ya kutegemea. Karibu kila mgonjwa hufa. Nchini Kenya ugonjwa huu uliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2014, serikali ilizindua mkakati wa kuutokomeza ifikapo mwaka 2030.

Anayeng'atwa anatakiwa kuosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kuchelewa akaanze chanjo. Chanjo hiyo hutolewa kwa dozi kadhaa zilizopangiwa siku zake, na kila dozi inamtaka kibarua aombe ruhusa kazini, alipe nauli na pengine alipie dawa yenyewe. Anaweza pia kuambiwa kituo cha karibu kimeishiwa, aende kingine. Mtu aliyeona jirani yake akipitia hayo hawezi kutulizwa na sauti ya mbali inayosema mbwa huyu ana chanjo. Cheti cha chanjo kimebaki kabatini; kilicho mbele yake ni meno.

Wataalamu wanasema ili mnyororo wa maambukizi ukatike, angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanapaswa kuchanjwa. Chanjo huanza mbwa akiwa na umri wa miezi mitatu, na hurudiwa kwa ratiba anayoitoa daktari wa mifugo. Kamba nayo ina kazi yake hapo. Mbwa aliyeshikwa hakutani ovyo na mbwa wanaorandaranda kwenye majaa, hapigani nao, wala hapotei kwa siku mbili akarudi na kovu ambalo hakuna ajuaye limetoka wapi.

Mzee mwenye kanzu nyeupe

Mombasa, Lamu, Malindi na Unguja zinalipa jambo hili uzito mwingine. Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito. Kilichoguswa na unyevu wake huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mfikirie mzee aliyekwisha kutawadha, amevaa kanzu safi, anaelekea msikitini kwa sala ya alfajiri. Mbwa mchangamfu anamjia, mkia ukicheza, anampangusia pua kwenye kanzu. Kwa mwenye mbwa hiyo ni salamu. Kwa mzee, ni safari ya kurudi nyumbani kubadili nguo na kuosha, na pengine sala ya jamaa ataikosa.

Wapo wanaosema watu wa pwani wanawachukia mbwa. Si kweli. Hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake kwa tendo hilo, imo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, na madrasa nyingi huwasimulia watoto. Dini inayomsifu mtu kwa kumhurumia mbwa haiwezi kuitwa adui wa mbwa. Anachotaka muumini ni kwamba mwili na nguo zake visiguswe bila ridhaa yake. Hata asiye na dini yoyote anastahili heshima hiyo.

Kwa hiyo karibu na misikiti, hasa nyakati za sala, kamba inafupishwa hadi mbwa awe ubavuni pa mwenyewe. Mwenye busara hubadili njia au saa.

Msituni na ufukweni

Wakazi wengi wa Nairobi wanaopenda kutembea na mbwa huenda Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000 kaskazini mwa jiji. Msitu huo upo leo kwa sababu watu waliupigania. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na walinzi walipokwenda kupanda mti kupinga kugawiwa kwa ardhi hiyo kwa wajenzi binafsi. Leo ndani yake wanaishi mbawala, paa wadogo, nguruwe mwitu, kima na mbega. Kanuni ya humo inaeleweka: mbwa ashikwe kamba, na kinyesi chake kizolewe.

Baadhi ya wenye mbwa huiona kanuni hiyo kuwa ukali usio na sababu, maana mbwa wao "anacheza tu". Sababu ipo. Mbawala jike humficha mtoto wake kichakani na kwenda kula, kisha hurudi kumnyonyesha. Mtoto hulala kimya bila kutikisika. Hiyo ndiyo kinga yake. Binadamu anaweza kupita hatua tatu kutoka alipo asimwone. Mbwa haongozwi na macho. Pua inampeleka moja kwa moja, na hata asipouma, mama mtu anaweza kufukuzwa mbali huku mtoto akibaki na njaa. Mnyama mzima anayekimbizwa naye anaweza kujigonga kwenye uzio au kutokea barabarani.

Magonjwa nayo huvuka. Mwaka 1994 virusi vya distempa viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, wapatao elfu moja, na watafiti waliwanyooshea kidole mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Baada ya hapo ilianzishwa kampeni ya kuwachanja mbwa wa vijiji hivyo, na kwa kuwa ilihusisha pia kichaa cha mbwa, inafaa tukumbuke kwamba ililenga kuwalinda watoto wa wafugaji pamoja na simba. Mbwa wa kufugwa hawaruhusiwi kabisa kuingia katika hifadhi za taifa za Kenya na Tanzania, hata wakiwa na kamba.

Ufukweni, kasa ndio wenye kesi. Watamu, ambako shirika la Local Ocean Conservation limekuwa likilinda viota tangu 1997, kasa hupanda usiku na kufukia mchangani mayai ambayo mara nyingi hufikia mia moja au zaidi. Mayai hayo hukaa humo karibu miezi miwili. Mbwa aliyefunguliwa alfajiri, akifuata harufu, anaweza kukifukua kiota kizima kabla mwenyewe hajamaliza kuvua viatu. Jirani na hapo, kwenye matope ya Mida, maelfu ya ndege wa ufukweni hutoka kaskazini ya mbali kuja kukaa nasi wakati wa baridi ya huko. Kabla ya safari ya kurudi, mnamo Aprili, wanahitaji kula na kunenepa. Kila mara mbwa anapowakurupusha, wanatumia nguvu waliyokuwa wakiiweka akiba.

Kuna nchi zilizoandika mambo haya hadi kwenye urefu wa kamba. Sheria ya mwaka 2000 ya Uingereza kuhusu maeneo ya wazi ambayo umma umeruhusiwa kutembea inataka kila mbwa awe kwenye kamba isiyozidi mita 2 kuanzia Machi 1 hadi Julai 31, majira ambayo ndege wanaotaga chini huwa na makinda, na wakati wowote akiwa karibu na mifugo. Mtu akijua tarehe na kipimo, hana haja ya kubishana na askari wa msitu.

Mbele ya ng'ombe

Kiangazi kinapokaza, wafugaji hupitisha ng'ombe kando ya barabara za Karen, Lang'ata na Ngong wakitafuta nyasi. Mbwa wa mjini asiyewahi kuona ng'ombe huona kitu cha kukimbiza. Mbuzi na kondoo wanaokimbizwa huweza kuvunjika miguu au kuharibu mimba. Uskoti ililiona jambo hili kuwa zito kiasi cha kubadili sheria mwaka 2021: anayemwacha mbwa wake akasumbua mifugo anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 40,000 au kufungwa miezi 12.

Ukiona kundi mbele, fupisha kamba mapema, msalimie mchungaji, kisha zunguka kwa mbali au subiri lipite. Usikatize katikati ya ng'ombe na ndama wake. Na ng'ombe akikujia kwa hasira, mwachilie mbwa. Anayelengwa ni mbwa, naye ana mbio za kujiokoa. Anayeshikilia kamba akiwa katikati ndiye hukanyagwa. Huo ndio wakati ambao kuiachia kamba ni busara.

Kinyesi kinaingia hapa pia. Wengi huamini kwamba kinyesi cha mbwa kwenye nyasi ni mbolea. Ndani yake mnaweza kuwa na mayai ya minyoo inayomwingia mtoto anayecheza mchangani, na ya tegu mdogo anayesababisha ugonjwa wa haidatidi, ambao huota uvimbe wenye maji kwenye ini na mapafu ya mifugo na ya binadamu. Turkana imewahi kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani, hata shirika la Amref likaanzisha mpango wa kupambana nao huko katika miaka ya 1980. Mkononi mwenye kamba, basi, na mfuko uwepo. Kinachozolewa kinapelekwa hadi kwenye pipa la taka; hakiachwi kimefungwa chini ya mti.

Kamba yenyewe

Kamba nzuri ya barabarani ina urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, nayo ni ya mkanda wa nailoni au ngozi. Kamba ya katani na mnyororo mwembamba humkata anayeshika pindi mbwa anapovuta ghafla. Kitanzi cha kamba hupitishwa mkononi hadi kwenye kifundo, na mkono wa pili hushika katikati. Kamwe kamba isizungushwe vidoleni, maana mbwa wa kilo arobaini akiona paka anaweza kuvunja kidole. Ukosi wa shingoni uache nafasi ya vidole viwili: ukilegea zaidi mbwa atauchopoa kichwani, ukibana zaidi utamkaba. Kwa mbwa mwenye tabia ya kuvuta, mkanda wa kifuani ni bora. Zipo pia kamba za kujikunja zenye kishikio cha plastiki, zinazorefuka hadi mita tano au zaidi. Hizo zinafaa uwanja mpana. Kwenye kijia kilicho ubavuni mwa barabara, mbwa atakuwa amefika kwenye magurudumu kabla kidole hakijapata kitufe cha kuzuia.

Kupishana na mtu nako kuna utaratibu wake. Ukimwona anakuja, fupisha kamba kabla hajalazimika kukuomba. Mhamishie mbwa upande wa pili, ili mwili wako uwe kati yake na anayepita. Mwamkie mtu huyo, "Habari ya asubuhi," akuone kwamba umemwona. Njia ikiwa nyembamba, anayetoka njiani ni mwenye mbwa: ingia kwenye nyasi, mkalishe mbwa chini, ungoje. Mtoto, mzee mwenye mkongojo, mtu asiyeona, mama mwenye mtoto mgongoni na mwenye mzigo kichwani wasilazimike hata mara moja kushuka kwenye lami kwa ajili ya mnyama wako.

Mkikutana na mbwa mwingine, muulize mwenzako kabla ya kuwaruhusu wanusane. Mbwa aliyefungwa anayejiwa na aliyefunguliwa hana pa kukimbilia, na asiye na pa kukimbilia hupigana. Ndiyo maana kauli ya "waache wacheze" huishia kwa daktari wa mifugo. Jike aliye kwenye joto, ambalo huchukua wiki tatu hivi, abaki nyumbani kabisa.

Lini afunguliwe

Sisemi kwamba mbwa aishi maisha yake yote mwishoni mwa kamba. Mnyama huyu ameumbwa kukimbia, na asipokimbia hutafuna viatu, huchimba bustani na hubweka usiku kucha. Kwa hiyo swali la lini kumfungua lina jibu la haki.

Afunguliwe ndani ya ua wako, geti likiwa limefungwa. Afunguliwe kwenye uwanja wenye uzio ambao mwenyewe ametoa ruhusa, na hamna watoto, mifugo wala mtu anayefanya mazoezi. Afunguliwe mahali palipotengwa waziwazi kwa ajili hiyo. Na hata hapo kuna sharti: awe anarudi anapoitwa mara ya kwanza, hata akiwa anamwona paka. Mbwa anayerudi baada ya mwito wa tano, kwa mambo ya barabarani, hajajua kurudi.

Kumfundisha si kazi kubwa, ila inataka uvumilivu. Anza uani, ukimwita jina lake na neno moja tu, "Njoo," kisha umpe kipande kidogo cha nyama kila afikapo. Halafu hamia mahali penye vishawishi zaidi, ukitumia kamba ndefu ya mita kumi inayoburura chini, ili asijifunze kwamba anaweza kukukaidi. Na hata akichelewa vipi, usimpige anapofika. Mbwa anayepigwa akirudi hujifunza kutorudi.

Kwingineko kote, kamba: barabarani, stendi ya matatu, sokoni, mbele ya shule, kanisani na msikitini, hospitalini, msituni, ufukweni penye viota na kila penye mifugo.

Aliyetumwa kutembeza

Kuna jambo tunalolikwepa. Katika nyumba nyingi, anayemtembeza mbwa si mwenye mbwa. Ni mtunza bustani au bawabu, aliyekabidhiwa mbwa jamii ya shepadi mwenye nguvu kuliko yeye, kwa kipande cha kamba ya kufungia maboksi. Hakuulizwa kama anaogopa mbwa. Hakuonyeshwa jinsi ya kumshika. Mbwa akimponyoka na kumng'ata mtoto wa watu, yeye ndiye anayeshikwa shati na wananchi.

Hiyo ni dhuluma. Mwajiri amuulize kwanza, na jibu la "hapana" lisimgharimu kazi. Akikubali, apewe kamba imara, ukosi unaotosha, mifuko ya kuzolea na siku kadhaa za kutembea pamoja na mwenye mbwa hadi mnyama amtii. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlipe fidia mfanyakazi anayeumia akiwa kazini, na meno ya mbwa wa tajiri ni jeraha kama mengine. Kanuni ya Adhabu ya Kenya nayo, katika kifungu cha 243, inahesabu kuwa kosa mtu kutochukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye mikononi mwake, ikiwa uzembe huo unaweza kuhatarisha maisha au kuwadhuru wengine. Kamba mbovu ni uzembe wa aliyeinunua kabla haujawa wa aliyeishika.

Wapita njia nasi tuna sehemu yetu. Mbwa akikujia, usikimbie. Kukimbia kunamwamshia hamu ya kukimbiza. Simama, mikono kifuani, usimkazie macho, kisha rudi nyuma polepole. Watoto wafundishwe hivyo, na wafundishwe pia kutomgusa mbwa yeyote kabla ya kumwomba ruhusa mwenyewe. Kumrushia mawe mbwa aliyeshikwa kamba kunamfanya awachukie watu, na atakayeumia kesho ni mwingine.

Kikao kimoja

Vyama vya wakazi wa mitaa yetu hukutana kujadili taa, mashimo barabarani na walinzi. Viongeze mambo manne kwenye ajenda. La kwanza, kila mbwa anayevuka geti ashikwe kamba, bila kujali ukubwa wake wala sifa zake. La pili, kila mwaka kuwe na siku ya kuchanja mbwa wa mtaa pamoja na wa vitongoji jirani, kwa sababu kichaa cha mbwa hakiijui mipaka ya Lavington na Kawangware, na asilimia 70 haifikiwi kwa kuchanja mbwa wa upande mmoja. La tatu, mapipa ya taka yawekwe kwenye njia zinazotumiwa na wenye mbwa. La nne, kitafutwe kiwanja kimoja, kizungushiwe uzio, kiwe mahali pa mbwa kukimbia bila kamba kwa saa zinazojulikana. Ni rahisi kumtaka mtu amshike mbwa wake barabarani ukiwa umempa mahali pa kumwachilia.

Hayo yote hayangoji sheria mpya. Yanahitaji kikao kimoja chenye nia, na mwenyekiti atakayekubali kwamba maelfu wanaopita mtaani kila asubuhi kwenda kupika, kulea na kulinda katika nyumba zake wana haki katika barabara hiyo sawasawa na wanaolala ndani ya mageti.